Upande wa Kushoto wa Picha

4 Februari

Shemeji,

Kurasa za mfano za kitabu cha marehemu zimefika, zina doa la chai juu ya jina lake. Nashukuru hivyo hivyo.

Niambie kwa nini picha ya harusi yetu imetokea kwenye sura ya ugonjwa wake. Nimevaa shela, na maneno yaliyonizunguka yanazungumzia mirija ya hospitali. Najua unanitania, umenitania tangu siku nilipoolewa na kaka yako, lakini kitabu hiki kitagawiwa siku ya kumbukumbu yake mbele ya wakubwa wa idara ya ramani. Hapo si mahali pa utani.

La pili ni ukurasa wa thelathini na moja, ile picha ya sherehe ya familia za wapima ardhi. Tuko bustanini nyuma ya ofisi, mimi kulia, yeye katikati na kile chombo chake cha miguu mitatu, na kushoto yuko yule mtoto. Unamjua. Mtoto wa mwanamke aliyekuwa akichemsha chai ofisini. Siku ile nilidhani ni mtoto tu anayependa kupigwa picha, nikamnyoosha kola kwa mkono wangu huu. Baadaye sana ndipo nikaambiwa baba yake ni nani.

Mtoe. Mwanangu hajui habari hiyo na hatajua. Kitabu hiki ni cha mke mmoja na mtoto mmoja.

Kuna watu wameniulizia kile chumba cha uani unachokaa kwenye nyumba yetu ya zamani. Bado sijawajibu.

Shemeji yako

*

11 Februari

Shemeji yangu uliyenawiri kwa huzuni,

Salamu zako nimezipata, hasa ile ya chumba.

Kuhusu harusi kuishia hospitali, usinihukumu kabla hujanisikiliza. Zamani hapa kiwandani nilipanga herufi za risasi kwa vidole, na picha ilikuwa kipande cha zinki. Ukikiweka hapa kinakaa hapa, labda ukipige teke. Mtambo wa siku hizi, huu wa kompyuta, haupangi kwa mkono, unauandikia kama unavyomwandikia karani. Unaweka maneno yako, halafu katikati unatia amri inayoanza na kimkwaju, kile kistari kinachoinamia nyuma: lete picha fulani, upana kiasi fulani, chini yake andika hivi. Picha yenyewe haimo kwenye maandishi. Imekaa kwenye folda yake kama mgeni sebuleni, inangoja kuitwa jina. Ukishaiita, mtambo unatazama nafasi. Ukurasa ukijaa, picha inaelea kwenda mbele mpaka ipate pa kutua, na zilizo nyuma yake zinapanga foleni. Sasa mimi kwa kukupendelea niliipanua sana ile ya harusi. Wewe ulikuwa mwembamba, lakini gauni lilitaka ukurasa wake. Ikakosa pa kutua, ikaburuta foleni nzima mpaka wodini.

Nimeongeza herufi moja ya kuulazimisha: hapa hapa, usiende popote. Sasa umeolewa mahali pake.

Na yule mtoto nimemtoa. Amri ile ile inapokea vipimo vinne, punguza kushoto, chini, kulia, juu. Nikapunguza kushoto. Zamani kumtoa mtu kwenye picha ulishika mkasi, ukachafua vidole, ukajisikia vibaya kidogo. Siku hizi unaandika namba na kuendelea na chai yako.

Angalia kurasa mpya. Doa si langu, ni la msafirishaji.

Mzee Risasi, mdogo wa marehemu

*

15 Februari

Shikamoo Baba Mdogo,

Huenda hunikumbuki. Mimi ni mtoto wa kaka yako, kwa yule mama wa chai. Siku hizi ni fundi wa meno ya bandia, ninafanya kazi kwenye chumba nyuma ya kliniki. Mpima ardhi mmoja mstaafu alikuja kupimwa taya akaniambia mnachapa kitabu cha Baba, na kwamba wewe ndiye unayekipanga.

Sitaki chochote cha nyumba ile. Jina langu lisiandikwe. Kuna picha moja tu. Nilikuwa na sare ya shule na soksi ndefu, Baba akaniita mbele ya watu wote, akaniweka kushoto kwake, akanishika bega. Mpiga picha alichelewa kidogo na Baba hakuuondoa mkono.

Sina picha nyingine niliyo naye. Hata hiyo sina, ila najua ipo. Watoto wangu wawili wananiuliza babu yao alikuwa mtu wa namna gani, nami nawachorea kwa mdomo, nikirudia mara ya pili wanasema nimembadilisha pua. Naomba picha ile iingie kitabuni kama ilivyo, nipate mahali pa kuwaonyesha kwamba nilikuwa na baba. Kama haiwezekani, nipatie nakala.

Mama anakusalimu.

Binti wa kaka yako

*

20 Februari

Marahaba, Bibi Fundi Meno,

Nakukumbuka. Ulikuwa na miguu kama kalamu na ulikula biskuti za ofisi kwa mikono miwili.

Picha unayoisema ilikuwepo. Niliiweka kwenye sanduku chini ya kitanda, mchwa wakaja. Mchwa wa huku wana utaratibu wao, walianza upande wa kushoto. Wakala bustani, wakakula wewe na sare yako, wakala soksi moja baada ya nyingine, wakafika kwenye kiwiko cha kaka wakashiba. Kilichobaki ndicho kitakachochapwa. Kwa hiyo ukisikia maneno ya watu kwamba umekatwa, wajibu hukukatwa, uliliwa. Ina heshima zaidi.

Nakala hakuna. Endelea kuwachorea watoto kwa mdomo, si mdomo ndio kazi yako?

Na maadamu umetaja kazi mwenyewe, ndani ya kifurushi hiki utakuta meno yangu ya juu. Yalipasuka nikicheka kwenye mazishi ya jirani. Yatazame ukipata nafasi. Usiniandikie bei, andika pole.

Baba yako mdogo, kwa sasa kibogoyo

*

26 Februari

Shemeji,

Mkono wa mume wangu unakwenda wapi?

Umemtoa mtoto ukauacha mkono umenyooka kushoto mpaka mwisho wa picha, vidole havipo. Rafiki yangu aliyekuja kunitazama aliushika ukurasa akaniuliza, "Hapa marehemu kashika nini?" Nikamwambia mti. Akasema, "Mti mfupi huo." Akacheka, nami ikabidi nicheke ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Tena majanini, mbele ya viatu vyake, kuna kivuli cha kichwa cha mtoto. Nani ataamini ni cha mti?

Punguza tena.

Mwanangu anataka faili la kitabu kizima. Atatoa humo uso wa baba yake aukuze kwenye bango la ukumbini. Mtumie.

Shemeji yako

*

3 Machi

Shemeji mwenye macho ya karani wa forodha,

Nimepunguza kushoto mpaka begani, na chini mpaka kiunoni kwa ajili ya kile kivuli. Sasa kaka hana mkono wala miguu, na kile chombo alichokipenda kuliko sisi sote kimebaki na mguu mmoja. Amekuwa kama mtu anayechungulia nyumba ya watu. Ukitaka kuendelea niambie, tutafika mahali ubaki wewe peke yako umesimama karibu na sikio.

Faili nimemtumia mwanao. Limekuwa zito, sielewi kwa nini. Picha nimezipunguza huku na huku, lakini uzito haukushuka hata kidogo.

Wale wanaoulizia chumba uwaambie kinavuja. Si uongo.

Mzee Risasi

*

9 Machi

Shikamoo Baba Mdogo,

Pole kwa mchwa. Nilipoisoma barua yako nilidhani unanidanganya, kisha nikajisuta. Mtu anayejua mpaka soksi ipi ilianza kuliwa atakuwa aliona kwa macho yake.

Meno yako nimeyaunga. Yalikuwa yanakubana upande wa kulia, bila shaka ulikuwa na kidonda ukakaa kimya, kwa hiyo nimeyapunguza hapo. Jino la mbele lilikuwa limelala, nimelisimamisha. Uyalaze kwenye maji usiku, si kwenye kikombe cha chai. Rangi ya chai imekusemea uongo kuhusu umri wako. Bei hakuna.

Kitabu kikitoka nitaomba nikione hicho kipande kilichobaki. Kiwiko kinanitosha. Watoto nitawaambia mkono uliendelea, na ulikuwa umefika kwangu.

Binti wa kaka yako

*

14 Machi

Shemeji,

Umenimaliza.

Mwanangu alifungua faili lako kwenye programu anayotengenezea mabango. Akabofya uso wa baba yake ili autoe. Picha ikafunguka yote, Shemeji. Mkono, viatu, bustani, na yule mtoto na soksi zake. Ulisema umemtoa. Alikuwa amekaa humo humo.

Akaniita kutoka jikoni. "Mama, huyu ni nani? Mbona ana paji la uso langu?"

Nimemwambia ni wako. Nimemwambia ulimzaa ujanani, ukamkimbia mama yake, na marehemu alikuwa akimwonea huruma mtoto. Aliamini upesi kuliko nilivyotegemea, inaonekana sifa zako zilishamfikia. Sasa amefurahi. Anasema baba yake alikuwa na moyo na watu waujue. Anataka picha irudishwe nzima, ukurasa mzima, na gharama za kiwanda ni zake, kwa hiyo sina la kumkatalia.

Chini yake utaandika hivi: "Marehemu akiwa na mkewe na mtoto wa mdogo wake." Usiongeze, usipunguze. Anwani ya huyo binti utaitafuta wewe, mwanangu anataka kumpelekea kitabu.

Ukiona maneno hayo yanakuwia mazito, fungasha vyombo vyako. Ufunguo uuache kwa jirani.

Shemeji yako

*

18 Machi

Shemeji,

Nilidhani nimekata, kumbe nimefunika. Ndiyo kazi ya kumpa kompyuta mtu aliyezoea mkasi. Zile namba nne haziondoi kitu kwenye picha, zinavuta pazia tu. Mbele ya pazia tunamwona kaka anachungulia, nyuma yake mtoto yuko palepale na kola uliyomnyoosha. Ndiyo maana faili lilikuwa zito. Ningetaka kumtoa kweli ningeikata picha yenyewe ndani ya folda kabla ya kuiita. Kijana yeyote wa kiwandani angeniambia, kama ningeuliza.

Nipongeze basi kwa kupata mtoto. Nimejifungua katika umri huu bila hata kuumwa kiuno, tena mtoto mkubwa, ana kazi yake, na kaniletea wajukuu wawili juu. Sikuoa kwa uvivu, sasa naona hata uvivu unazaa.

Nitakuambia nilichofanya. Kwanza niliandika chini ya picha, "Marehemu na jamaa." Nikakaa nikayatazama maneno hayo. Hayamdanganyi mtu, na mwanao asingeona ubaya. Halafu nikakitazama chumba. Kitanda, jiko, dirisha linalotazama ukuta. Nikafuta nikaandika ya kwako.

Mtambo haukusema kitu. Ukisahau kufunga mabano unakugomea na kukutukana mistari kumi. Ukiandika uongo uliofungwa mabano vizuri, unaupitisha na kuupa nambari ya mchoro.

Paa bado linavuja.

Mzee Risasi

*

19 Machi

Bibi Fundi Meno,

Meno yamekaa. Nimetafuna karanga hadharani, maadui wameona.

Sasa kaa chini. Mchwa wametapika. Ile picha imepatikana nzima, usiniulize chini ya kitanda gani. Itachapwa ukurasa wa thelathini na moja, ukurasa wote: kaka, wewe, soksi zote mbili. Mkono umefika. Mtoto wa marehemu mwenyewe ndiye aliyeitaka, na atakupelekea kitabu kwa anwani yako, nimempa.

Waite watoto wako. Waambie pua ya babu yao wataihakiki wenyewe.

Mengine ya kitabu utayasoma kitabuni.

Baba yako mdogo

*

27 Machi

Shikamoo Baba Mdogo,

Barua yako niliisoma nimesimama, nikauangusha mfano wa plasta wa taya la mteja. Nitamtengenezea mwingine. Alinikuta nacheka peke yangu akadhani namcheka yeye.

Nimemwambia Mama. Akaenda kupimwa miwani. Yake ilivunjika zamani na hakuona sababu ya kupata nyingine, sasa ameiona. Watoto wanagombana nani atafungua kifurushi, nimewaambia mmoja atakata kamba na mwingine atafunua ukurasa.

Sikutegemea kwamba mtoto wa mke wa Baba angenikumbuka, sembuse kunitaka kitabuni. Nadhani wewe umesema neno. Sijui umelisema vipi na sitakuuliza. Kwa muda mrefu nilikuwa nakuwaza kama mtu mwenye maneno mengi tu. Unisamehe kwa hilo.

Nimekuwekea seti nyingine ya meno, ya chini, ukihitaji.

Binti wa kaka yako

*

20 Aprili

Kwako,

Kitabu kimefika. Kimekuja na barua ya kaka yangu. Ananiita dada kwa upole sana. Anasema baba yake alinipenda kama mtoto wake mwenyewe, na ananiomba nikusamehe kwa kumtelekeza Mama, kwa kuwa umezeeka na unaishi peke yako chumba cha uani.

Watoto walifungua kama nilivyowapangia. Mmoja akakata kamba, mwingine akafunua. Walimwona babu yao. Mkubwa akasema, "Kumbe mrefu." Mdogo akahesabu vidole begani kwangu, akaniambia vyote vipo. Hapo ndipo nilipokuwa na furaha, nakuambia ili ujue ilikuwepo. Kisha yule mkubwa, ambaye amejua kusoma mwaka huu na hapitwi na kibao cha duka, akaweka kidole chini ya picha akasoma kwa sauti mpaka mwisho. Akaniuliza, "Mdogo wake ndiye nani?"

Mama alivaa miwani mipya. Akasoma, akarudia. Akasema, "Huyo nilimpa chai tu. Tena alikuwa akiirudisha kwamba imepoa." Akaivua miwani, akaifunga kwenye kasha lake. Ukimpa gazeti anasema macho yanauma.

Ungeniacha nje ya picha. Huko nilikuwa nimeshazoea kusimama, na nilijua nasimama karibu na nani. Umeniingiza ndani, umeniwekea mkono wa baba yangu begani, halafu ukaandika chini yake kwamba si wangu. Na umeandika ukijua nimewaita watoto, maana wewe ndiye uliyeniambia niwaite.

Kimegawiwa ukumbi mzima, na kaka yangu anasema nakala nyingine ziko maktaba ya idara. Wakubwa waliomjua Baba wameshakisoma. Nikikanusha, nitamvunja kijana ambaye hajanifanyia ila wema. Nikinyamaza, Mama amezaa nawe. Nimetafuta neno la tatu sikulipata, na wewe uliye fundi wa maneno sitaki unitafutie.

Nimekisoma chote. Kimepangwa vizuri. Kila picha iko mahali pake.

Watoto wameniuliza tena habari za babu yao. Nimewaambia kwa mujibu wa kitabu yuko hai. Wakaniuliza anafananaje, nikawaambia sina picha yake.

Mtoto wa mdogo wake